Njia ya baiskeli ya magofu: Malindi, Gede, Mambrui, Marafa (shajara ya mradi)

18 Januari 2025: Tunachotaka kufanya

Wageni na wenyeji huyafikia magofu ya pwani yetu kwa matatu. Hushuka, hupiga picha, hupanda tena. Kati ya kituo na kituo hawaoni kitu, na mengi ya kuonwa yamo humo kati: visima, mikorosho, mikoko, vijia vya watu wa kwenda sokoni ambavyo vingine ni vya zamani kuliko lami. Mimi na wenzangu wa hapa Malindi tumeazimia kuchora njia ya baiskeli itakayoanza mtaa wa Shella, ikatelemka kusini hadi Gede, Mida na Watamu, kisha tawi la pili lipande kaskazini hadi Mambrui na Marafa. Barabara kuu ya Mombasa tutaigusa pale tu pasipo na njia nyingine.

Sharti tulilojiwekea ni kwamba kila kipande kipitwe na blakimamba. Baiskeli ya gia yenye matairi manono hupita karibu kila mahali, lakini watu wa huku hawana hiyo. Wana blakimamba ya inchi 28, tairi jembamba, keria nyuma. Njia ikiishinda hiyo, basi haikutengenezewa watu wa hapa, na hatutaiandika.

Vifaa vya kuanzia: baiskeli mbili za mtumba za gia (KSh 13,500 na KSh 15,000, zote zilihitaji matairi mapya, KSh 900 kila moja), blakimamba ya binamu yangu, pampu, viraka, na simu yenye OsmAnd ili ramani ifanye kazi hata pasipo mtandao.

1 Februari 2025: Mjini, kisha ufukweni

Kipande cha mjini hakikusumbua: Nyumba ya Nguzo, Msikiti wa Juma na makaburi ya mnara kando yake, kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, kisha Nguzo ya Vasco da Gama kwenye rasi. Asubuhi mapema watu ni wachache, na vichochoroni mtu ashuke asukume baiskeli, maana ni milango ya watu.

Ushauri wangu kwa atakayeongoza wengine: msiimalize asubuhi yote pale kwenye Nguzo. Da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na msalaba ule wa jiwe la Ureno ni kumbukumbu ya haki. Lakini miaka 83 kabla yake, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walikuwa wamekwisha kumfikisha twiga kwa mfalme wa China. Mji ulikuwa na dunia yake kabla ya Wareno kuiona bandari hii, na makaburi ya mnara ndiyo yanayousimulia mji huo. Simameni hapo kwanza.

Baada ya Nguzo tulijaribu ufukwe. Tulichagua siku hizi kwa makusudi: mwezi umeandama juzi, maji ni ya bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa, na bamvua pwani yetu hupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi. Mchanga uliolowa ukaachwa na maji ni mgumu, blakimamba inapita vizuri kuliko barabarani. Kutoka Silversands hadi Casuarina ilikuwa raha tupu.

Baada ya hapo jaribio likaanguka. Kuelekea Mayungu ufukwe unakatwa na miamba ya matumbawe, na kila mwamba maana yake ni kubeba baiskeli begani. Tena maji hayangoji: ukichelewa nusu saa unaukuta mchanga mgumu umefunikwa, umebaki ule wa juu, laini, unaomeza gurudumu. Sehemu hiyo ya juu ndiyo wanakotagia kasa, hivyo hata kama ingepitika tusingeipendekeza. Na chumvi! Cheni za baiskeli zote zilikuwa na kutu nyekundu kesho yake asubuhi.

Suluhisho: ufukwe umeondolewa kwenye njia. Tumehamia barabara ya nyuma, ya Casuarina hadi Mayungu, lami kisha vumbi, kivuli cha kutosha. Cheni tuliziosha kwa maji ya kisima na sabuni, tukazikausha juani, tukatia mafuta ya cherehani tone kwa tone kwenye kila kiungo na kufuta yanayobaki. Mafuta mazito ya injini yalijaribiwa kwenye blakimamba. Yalishika vumbi lote la Mayungu na cheni ikawa inasaga. Chupa ya mafuta ya cherehani ni KSh 100 na inatosha kwa muda mrefu.

22 Februari 2025: Gede na Mida

Gede iko kilomita 16 kusini ya Malindi kwa barabara kuu. Kwa njia yetu ya mashambani ni zaidi kidogo, na ndicho kipande kilichotusumbua kuliko vyote upande wa kusini.

Ramani inaonyesha kijia kinachotoka upande wa Msabaha kikipita katikati ya minazi na mikorosho. Tulikifuata hadi kikagota kwenye ukuta mpya wa mawe. Kiwanja kimeuzwa, mwenyewe kajenga, ramani haijui. Tulizunguka kushoto tukaingia kwenye mchanga mzito wa shambani. Baiskeli za gia zilipita baada ya kupunguza upepo kwenye matairi. Blakimamba ilizama na binamu akasukuma kwa sehemu kubwa ya kipande kile.

Mama mmoja aliyekuwa akibangua korosho nje ya nyumba yake ndiye aliyetuelekeza. Alisema, «Wanangu, nyinyi mnafuata simu. Watoto wa shule wanapita pale kisimani.» Tukapita kisimani. Udongo pale ni mwekundu, umekazwa na nyayo za kila siku, na baiskeli inateleza kama iko kwenye lami. Tangu hapo ndiyo kanuni yetu: tukipotea, hatuulizi njia ya kwenda Gede, tunauliza watu wanateka maji wapi na watoto wanapita wapi kwenda shule. Njia ya maji haipitwi na ukuta kwa urahisi, kwa sababu mwenye kiwanja naye anaihitaji. Kila kipande kilichobaki cha tawi la kusini kimepatikana kwa swali hilo.

Na ukiingia Gede kwa njia hiyo, magofu unayaona kwa jicho jingine. Mji huu, ulioanza kukaliwa kwenye karne ya 12 au karibu yake na kuachwa kufikia karne ya 17, umejaa visima. Kipo kando ya Msikiti Mkuu, vipo majumbani. Kisima cha msikitini kilichimbwa tena kwenda chini zaidi kadiri maji yalivyopungua, na kushuka kwa maji ni moja ya sababu zinazotajwa za watu kuhama. Mtu aliyeendesha baiskeli saa mbili juani, akaomba maji njiani, anaelewa hilo bila kuelezwa sana. Mwambieni pia aulizie kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lipite mwisho, baada ya jumba la kifalme na nyumba zenye majina ya vitu vilivyopatikana humo, kama ile ya Mkasi. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua hapa mwaka 1948, na Julai 2024 mji wa kale wa Gede ukaingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Fikeni kabla ya saa tatu. Mabasi ya watalii huja baadaye. Baiskeli zinabaki langoni kwa askari, na malipo andaeni kwa simu, si fedha mkononi.

Kutoka Gede tulitaka kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke na kutokea Mida. Hili tumeliacha. Msitu una ndovu, na kikundi cha baiskeli bila mlinzi wa msitu si jambo la kuliweka kwenye ramani ambayo mtoto wa mtu ataifuata peke yake. Anayetaka aende kituo cha msitu cha Gede, apate ruhusa na kiongozi, iwe safari yake mbali. Njia yetu inapita ukingoni, inafika hori la Mida kwenye daraja la mbao la mikokoni, kisha inarudi Watamu. Kwenye mikoko shukeni mtembee. Ndani ya hori hilo kuna kisiwa cha Kilepwa chenye magofu yake, lakini hicho ni cha ngalawa.

Gharama za siku: maji na madafu KSh 240, chakula Watamu KSh 600 kwa watu watatu, spoki mbili na kazi ya fundi KSh 150.

15 Machi 2025: Mambrui, ndani ya Ramadhani

Tumepunguza mwendo kwa ajili ya saumu. Tulitoka baada ya alfajiri na kurudi jua halijakuwa kali.

Tatizo la tawi la kaskazini ni moja: daraja la Sabaki. Mto ni mmoja tu na hapa hauna kivuko kingine cha kuaminika, tena una mamba na viboko, kwa hiyo hata kiangazi usimruhusu mtu akwambie kuna mahali pa kuvuka kwa miguu. Daraja linabeba malori ya chumvi ya Gongoni, matatu na mabasi ya Lamu, na lori likikupita pale hakuna pa kukimbilia. Tulilipita mara moja katikati ya asubuhi, na sitaki mtu mwingine alipite hivyo. Utaratibu tulioweka: kufika darajani kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili unusu asubuhi, kushuka, kuvuka kwa miguu mmoja nyuma ya mwenzake, wa mwisho akiwa na fulana ya kung'aa (KSh 350). Baada ya saa mbili, baiskeli zivushwe na tuktuk.

Mambrui yenyewe ni mji mtulivu na njia zake za ndani ni nzuri kwa baiskeli. Kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri ya China, na mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na China walipata hapa sarafu ya shaba ya enzi za mfalme Yongle, yule yule aliyeletewa twiga. Kwa sababu hii njia yetu inapendeza ikianza Shella na kufika Mambrui siku ileile: kisa kimoja, ncha mbili. Vaeni mavazi ya heshima. Kaptura za baiskeli zibaki chini ya suruali au kikoi, na mwezi kama huu msinywe maji hadharani mtaani.

10 Mei 2025: Masika

Kazi imesimama. Udongo wa Magarini ukinyeshewa unanata, unajaza nafasi kati ya gurudumu na madigadi, baiskeli haisukumiki. Tumeandika kwenye faili la njia: tawi la kaskazini lisitumike Aprili hadi Juni. Kusini panapitika isipokuwa kipande cha mashamba ya Msabaha.

28 Juni 2025: Marafa, miba na kusi

Siku ngumu kuliko zote, na yenye faida kuliko zote.

Baada ya daraja la Sabaki tuliacha barabara ya Lamu, tukashika ya Marikebuni na Magarini. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini hadi Marafa, changarawe na vumbi, inapanda polepole. Kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa mgongoni na tulikwenda kwa raha hadi pancha zilipoanza. Ilitobolewa moja, tukaziba. Hatukufika mbali ikatobolewa ileile, kisha nyingine. Viraka vikaisha kabla ya saa tano.

Chanzo ni miba ya migunga. Watu wa huku huzungushia maboma ya mbuzi matawi ya miba, na matawi yakikokotwa hudondosha miba njia nzima. Mwiba wa mgunga huingia kwenye tairi, ukakatika, ncha ikabaki ndani. Unabandika kiraka safi, unarudisha tyubu, unajaza upepo, na ncha ileile inatoboa karibu na palepale.

Fundi mmoja wa baiskeli aliyekuwa na kijumba cha makuti njiani ndiye aliyetufundisha. Hakuutafuta mwiba kwa vidole. Alichomoa pamba kutoka kwenye mto wa kiti chake, akaiviringa, akaipitisha taratibu ndani ya tairi lote. Pamba ikanasa. Akalikunja tairi pale pale, akaingiza ncha ya kisu kutoka nje, ikachomoka ncha nyeusi ya mwiba, ndogo kuliko punje ya mchele. Akaendelea, pamba ikanasa tena mahali ambapo hatukuwa na pancha bado. Kisha akachukua tyubu kuukuu ya pikipiki, akaikata kwa urefu, akaondoa upande wenye vali, akailaza kati ya tairi na tyubu. Kazi hiyo kwa gurudumu moja ilikuwa KSh 150, tyubu kuukuu ikiwemo. Baiskeli ni nzito kidogo tangu hapo, ila hatujapata pancha ya mwiba kwenye gurudumu lililowekewa. Maji ya kuziba pancha ya madukani tuliyajaribu pia (KSh 1,200 chupa). Yaliziba tundu dogo, hayakuziba la mgunga, na kwa joto la huku yalikauka ndani. Msinunue.

Tulifika Marafa alasiri. Korongo la Nyari ni la kushukia jioni. Mchana kule chini hakuna upepo na joto linapiga kutoka pande zote. Viongozi ni vijana wa kijiji na malipo yanabaki kijijini, basi chukueni kiongozi. Watasimulia kisa cha ukoo tajiri uliooga maziwa hadi ardhi ikawameza, na mtaona wenyewe jinsi mvua ilivyochimba mchanga mgumu ule, mweupe, wa machungwa, mwekundu. Tumekiandika kisa pamoja na mmomonyoko, vyote viwili, kwa sababu mzee aliyetupokea alituomba tusiache kimoja.

Kurudi ndiko kulikotushinda. Tulitaka kurudi siku ileile. Kusi iliyotusukuma asubuhi sasa ilikuwa usoni, na kufikia saa kumi hatukuwa tumekwenda popote. Tukageuza, tukalala Marafa (KSh 800 kwa mtu, chakula ndani). Tukatoka saa kumi na moja unusu alfajiri kusi ikiwa bado haijaamka vizuri, tukawa darajani kabla ya malori kushika kasi. Kwa hiyo Marafa imeandikwa kuwa safari ya siku mbili wakati wa kusi. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hesabu inageuka: kwenda ni kuzito, kurudi ni rahisi, na mwenye miguu anaweza kumaliza siku moja.

26 Julai 2025: Alama za njia

Tulianza kwa kupaka mishale ya rangi nyeupe kwenye mawe ya kando ya njia. Rangi ya maji ya KSh 450 haikushika kwenye matumbawe: jiwe lina vitundu, linanyonya, na baada ya mvua chache mshale ni doa. Rangi ya mafuta ilishika (KSh 850 kopo la lita moja), lakini mawe mengine yakachukuliwa kujengea. Na kuna hatari kubwa zaidi: kando ya magofu, jiwe unaloliona limelala huenda ni la ukuta wa kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda mahali hapo, na hata bila sheria, hakuna sababu ya kupaka rangi kitu kilichokaa miaka mia sita. Ndani na karibu ya eneo lolote la kale hatuweki alama kabisa.

Kinachofanya kazi sasa ni vibao vidogo vya mbao za masalia, urefu wa kiganja, vyenye mshale na gurudumu, vilivyopigiliwa kwenye vibanda na maduka ya watu waliokubali. Mwenye kibanda anauza maji na madafu, kwa hiyo analinda kibao. Mafundi wawili wa baiskeli wamo pia, nao wamepewa hazina ndogo ya viraka. Mbao tulipewa bure na seremala, rangi na misumari KSh 1,300.

23 Agosti 2025: Kikundi cha kwanza

Likizo ya shule. Tumepeleka vijana wa mtaani kwetu tawi la kusini, wengi wao kwa blakimamba za kuazima. Hakuna aliyekuwa amewahi kuingia Gede ila kwa basi la shule. Mmoja alikaa kwenye ukingo wa kisima cha msikitini, akaulizia kina chake, kisha akamweleza mwenziwe kuhusu kisima cha nyanya yake Msabaha ambacho nacho kimechimbwa mara ya pili. Hapo nilinyamaza, wakaendelea wenyewe.

Kilichoharibika: breki za fimbo za blakimamba mbili zilishindwa kwenye mteremko wa kuingia Watamu. Raba zilikuwa zimekwisha. Sasa ukaguzi wa breki unafanywa Shella kabla ya mtu kutoka, na raba nne za akiba (KSh 40 moja) ziko mkobani.

Matumizi ya jumla bila baiskeli zenyewe yamefika KSh 21,400, na kilichokula zaidi ni matairi na tyubu. Anayeanza leo kwa baiskeli yake mwenyewe, akaweka tyubu kuukuu ndani ya matairi tangu mwanzo na asinunue rangi, ataokoa karibu nusu.

Vipande viwili havijaingia kwenye faili. Cha kwanza ni Bungale, lilipo kaburi la Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi ya lazima ya Waingereza mwaka 1913. Sanamu yake iko hapa Malindi, na njia inayotoka kwenye sanamu ikaishia kaburini ingekuwa na maana kubwa, lakini tunataka kwanza kukaa na wazee wa huko. Cha pili ni Ngomeni, mbele ya Gongoni, yalipo majukwaa ya San Marco yaliyorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Njia ya huko ni mchanga na mashamba ya chumvi, na blakimamba imekwama mara zote. Tutaijaribu tena kaskazi ikishavuma, ardhi ikiwa kavu, tukianzia kwenye visima vya Gongoni.